Limeiva, Mama

Mama mdogo alikuwa akichemsha mayai sitini kila alfajiri, trei mbili, kwenye sufuria kubwa nyeusi ambayo zamani ilipikia wali wa shughuli. Kwanza kila yai lilipita kwenye beseni la maji. Lililolala chini lilikwenda sufuriani. Lililosimama wima liliwekwa pembeni, likaangwe siku hiyohiyo. Lililoelea lilitupwa jalalani bila mjadala. Yai likikaa siku nyingi hupoteza maji na hewa huingia kupitia vitundu vya ganda, na ile nafasi ya hewa kwenye ncha butu huzidi kukua mpaka yai linakuwa jepesi. Hayo niliyasoma baadaye. Yeye alisema tu kwamba yai linaloelea lina siri.

Aliyapanga moja moja, akamwaga maji ya baridi mpaka yakazidi mayai kwa vidole viwili, ndipo akabandika. Hakuwahi kutumbukiza mayai kwenye maji yanayochemka. Alisema yai likishtuliwa hupasuka, na yai lililopasuka haliendi stendi, tunakula wenyewe. Hatukuwa na saa ya ukutani. Maji yakianza kuruka alichukua ufagio na kufagia uwanja. Uwanja ule, ukifagiwa na mtu asiye na haraka, unachukua kama robo saa. Akimaliza alikusanya majani, akayapeleka shimoni, akarudi, ndipo akaepua.

Kisha maji ya kupozea. Yalikuwa ya bomba, masafi, na aliyabadilisha mara mbili. Hapo alikuwa mkali kuliko mahali pengine popote. "Yai la moto linakunywa," alisema. Nilidhani ni maneno ya wazee, lakini ni kweli tupu: yai linapopoa, vilivyomo ndani husinyaa na kuvuta maji ya nje kupitia vitundu vilevile. Ukilipoza kwenye maji machafu umelinywesha uchafu, na kwa nje litabaki jeupe kama lilivyokuwa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi yangu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, chumvi iliyofungwa kwenye vipande vya gazeti, chupa ya pilipili, na safari ya kwenda Msamvu, stendi kuu ya Morogoro, kuwahi mabasi yanayotoka Dar.

*

Mayai ya mama mdogo yalikuwa na pete. Ukilikata yai lake katikati unaona kiini cha njano kimezungukwa na mstari wa kijani uliofifia, kama shaba iliyoachwa mvuani. Sikuwahi kuufikiria mpaka nilipokwenda kusoma Mbeya, nikakaa chumba kimoja na kijana aliyejua kupika kwa kutazama video. Siku ya kwanza nilipochemsha mayai kama nilivyofundishwa nyumbani, alilikata lake, akalitazama, akasema, "Hili limeuawa mara mbili." Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti zaidi, kwa sababu niliona aibu. Kwake yai zuri lilikuwa na kiini cha rangi ya chungwa, laini katikati kama asali ya baridi. Pete ya kijani ilikuwa alama ya watu wasiojua, watu wa ndoo na stendi.

Pete ile haina siri kubwa. Ute wa yai una salfa. Ukipashwa moto muda mrefu hutoa gesi, ileile inayolipa yai viza harufu yake, nayo husogea kuelekea ndani mpaka ikutane na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini. Vikiungana, hapo panageuka kijani. Haidhuru mtu. Ni ushahidi tu kwamba yai lilikaa motoni kupita mahitaji yake.

Na mahitaji yake ni madogo kuliko tunavyodhani. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kiini karibu na 65, na kufikia 70 kimeshashikana. Nyuzi 70 ndicho pia kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifikie mpaka ndani, ili vijidudu vife. Kuna bakteria wa salmonela ambao hawaishii kwenye ganda. Wanaweza kukaa ndani ya kuku mwenyewe, wakaingia kwenye yai kabla ganda halijatengenezwa. Yai la namna hiyo halinuki, halielei, halina doa. Beseni la mama mdogo haliwezi kulikamata. Kinachoweza kulitengeneza ni moto na muda.

Hata dakika zenyewe si zilezile kila mahali. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, si 100. Anayechemsha yai Dar kwa kutazama saa, akapanda basi na kanuni yake ileile mpaka Mbeya, atatoa yai jingine. Mama mdogo hajawahi kufika Mbeya, lakini ufagio wake ungetosha, kwa kuwa muda wake ulikuwa na akiba. Ndiyo hiyo akiba iliyokuwa ikijichora kwenye kiini kwa rangi ya kijani, nami nikaionea aibu.

*

Chakula kingi tunachouza njiani kinajieleza chenyewe. Muhindi ukiwa mbichi unaonekana. Chapati ikiungua unaiona na unaweza kukataa. Hata mpishi wa wali anaonja punje mbili. Yai la kuchemsha halionjwi, halinusiki, na huwezi kulifungua kuangalia kama limeiva kisha ukalifunga tena. Anayenunua hanunui anachokiona. Ananunua kauli ya mtu.

Uingereza waliwahi kupata taabu juu ya jambo hili. Desemba 1988 naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alisema hadharani kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini humo imeathirika na salmonela. Mauzo yakaporomoka, wafugaji wakachachamaa, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiuzulu. Muongo mmoja baadaye wafugaji walianzisha mpango wa kuchanja kuku na kugonga muhuri wa simba mwekundu kwenye ganda, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya huko ikasema hata wajawazito na watoto wachanga wanaweza kula kiini laini, mradi yai liwe na muhuri huo. Rafiki yangu wa Mbeya na kiini chake cha chungwa alikuwa anakula, bila kujua, matunda ya chanjo na muhuri ambavyo havikuwa kwenye trei aliyonunua sokoni. Video haikumwambia hilo. Msamvu hakukuwa na simba kwenye ganda. Palikuwa na mtoto wa miaka kumi na minne mwenye ndoo.

Tena mtoto huyo alikuwa anauza kwa watu wanaoondoka. Kuna kisa katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, cha mchungaji aliyeokota pete, akiigeuza kidoleni haonekani, na swali linaloulizwa hapo ni kama mtu mwenye pete hiyo angeendelea kuwa mwema. Kwa miaka mingi niliamini kwamba muuza mayai wa stendi ana pete hiyo. Unapokea noti dirishani, unapandisha mayai, basi linapiga honi, na aliyekula yuko Mikumi kabla tumbo lake halijamwambia lolote. Hutamwona tena. Hata akiumwa, ataumwa Iringa au Makambako, na atalaumu maji, au nyama aliyokula njiani, au watu wa kijijini kwao.

*

Siku yenyewe ilikuwa wakati wa masika, shule zimefungwa. Mama mdogo alikuwa ameitwa Kilosa msibani tangu jana yake jioni, akaniachia kazi yote. Mkaa ulikuwa umelowa. Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi, na maji yalipoanza kuruka kwenye sufuria jua lilikuwa limeshapanda, basi la kwanza liko njiani. Nilitazama ufagio. Uwanja ulikuwa matope matupu na nikajiambia kwamba leo haufagiliki. Nikasimama pale kama dakika tatu, labda nne, nikaepua. Nikayapoza kwenye ndoo ya maji iliyokuwa imekaa mlangoni, mara moja tu, nikakimbia.

Kwenye dirisha la tatu la basi la Iringa kulikuwa na mama amempakata mtoto, wa miaka mitatu hivi.

"Dogo, lete mawili."

Nikampandishia mawili na chumvi. Alimenya la kwanza mwenyewe, haraka, akang'ata nusu. Kiini kikamchuruzikia kwenye kidole gumba. Akalitazama yai, akanitazama mimi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli.

"Hili limeiva hili?"

"Limeiva, mama."

"Mbona linachuruzika?"

"Ya kienyeji ndivyo yalivyo."

Yalikuwa mayai ya kisasa, ya trei, kutoka kwa mfugaji wa mtaa wa pili. Neno kienyeji lilinitoka bila kulitafuta, na lilifanya kazi. Uso wake ulilegea. Nadhani hata alifurahi, kwamba amepata ya kienyeji kwa bei ya kawaida. Akalamba kidole, akapuliza nusu iliyobaki, akamlisha mtoto. Basi likaondoka. Nilikuwa nimeshika shilingi 400.

Niliuza karibu yote siku ile. Hakuna aliyerudi kulalamika. Ningeweza kusema kisa kimeishia hapo, na kwa maana fulani kimeishia hapo: hakuna kitu kingine nilichowahi kukijua.

*

Chuoni nilisoma mambo ya bahati katika maadili. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu yake wakijibizana, na wote wawili wana mfano wa dereva wa lori. Dereva wa Williams hana kosa lolote. Mtoto anaingia barabarani ghafla, anagongwa, na dereva anabeba kitu moyoni ambacho watu waliosimama kando hawakibebi, ingawa kila mmoja atamwambia halikuwa kosa lake. Wa Nagel amezembea kidogo, hajakagua breki siku nyingi. Ikiwa hakuna mtoto anayekatiza, ni mzembe tu, atasahau kabla ya chakula cha mchana. Akitokea mtoto, ameua. Uzembe ni uleule. Kinachotofautisha ni mtoto aliyetokea au asiyetokea, jambo ambalo dereva hana mamlaka nalo hata kidogo. Je, ni haki kumhukumu mmoja zaidi ya mwingine?

Darasa liligawanyika kama kawaida. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu sikujiona kwa dereva yeyote. Madereva wale wanajua. Aliyegonga anajua amegonga, na aliyefika salama anajua amefika salama. Mimi nimeliona basi likiondoka na sijui mimi ni dereva yupi. Mtoto yule leo atakuwa kijana mkubwa, labda anasoma ukurasa huu. Au aliharisha siku mbili akapona, kama watoto wengi wanavyopona. Au jambo jingine, ambalo nikilifikiria usiku ninawasha taa.

Nimewahi kumweleza rafiki yangu ambaye ni daktari wa mifugo. Alinisikiliza kwa upole, kisha akanipa hesabu. Wamarekani, alisema, waliwahi kukadiria kwamba kwao yai moja kati ya 20,000 hivi ndilo lina salmonela ndani. Hata ukifanya hali ya kwetu iwe mbaya mara nyingi zaidi, yai lile moja, nusu yake, kwa mtoto yule mmoja! "Hesabu iko upande wako," aliniambia. Namshukuru. Hesabu ile imenisaidia kulala. Lakini nilivyozidi kuifikiria niliona inajibu swali la bakteria, wakati swali langu lilikuwa pale dirishani.

Kama bahati inaweza kuchukua matokeo yote, mazuri na mabaya, ikayaweka nje ya mkono wangu, basi na ichukue. Sibishani nayo. Yai lilikuwa na vijidudu au halikuwa navyo kabla sijaliona. Hata mkaa kulowa ilikuwa bahati, na msiba wa Kilosa pia. Kuna kitu kimoja tu katika asubuhi ile ambacho bahati haikukigusa, nacho ni neno limeiva. Lile nililisema mimi, nikijua, kwa mtu aliyeniuliza. Lingekuwa neno lilelile hata kama yai lilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo sihitaji kujua mtoto alifika vipi Iringa ili nijue nilichofanya.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza, lakini mtu anayejishtaki mwenyewe hana wakili, naye hujiuliza maswali ya pembeni. Kama yule mama asingeniuliza, je? Angekula nusu, akaona kinachuruzika, akanyamaza, basi likaondoka. Ningekuwa nimemdanganya? Kwa muda nilifikiri hapana, kwa kuwa hakuna kauli iliyotoka. Sasa nadhani kauli ilishatoka nilipoinua ndoo. Kupaza sauti "mayai, mayai" kwenye dirisha la basi ni kujibu limeiva kabla hujaulizwa. Biashara nzima ya mayai ya kuchemsha inasimama juu ya jibu hilo, maana hakuna mnunuzi anayeweza kulipata jibu jingine bila kulivunja yai. Swali la yule mama halikuumba wajibu mpya. Lilinipa nafasi ya pili, na nafasi ya pili ndiyo inayoniuma zaidi ya ile ya kwanza. Ya kwanza niliikosa kwa haraka na matope. Ya pili nilikuwa nimesimama, sina haraka yoyote, na mtu ananitazama usoni.

Tena kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulizoea. Yule mama alikuwa na ushahidi mkononi. Kiini kilikuwa kinamchuruzikia kwenye kidole chake mwenyewe. Akachagua kuamini mdomo wa mtoto asiyemjua kuliko kidole chake. Unaweza kusema ni ujinga wake, na wapo waliosema hivyo nilipowasimulia. Mimi siwezi. Aliniuliza kwa sababu alichukulia kwamba mwenye ndoo ndiye anayejua, kama mimi ninavyochukulia kwamba fundi anajua breki na muuguzi anajua sindano. Mwanafalsafa Annette Baier aliandika mwaka 1986 kwamba kumwamini mtu ni kujiweka mahali ambapo anaweza kukudhuru ukitarajia hatafanya hivyo. Yule mama alijiweka mahali hapo mara mbili katika dakika moja, na mara ya pili alimweka na mtoto wake.

*

Mwaka juzi nilikwenda Morogoro kumsalimia mama mdogo. Aliacha mambo ya stendi zamani, miguu haimruhusu, sasa anafuga kuku wachache wa mayai nyuma ya nyumba. Asubuhi alibandika mayai sita ya kunywea chai, kwa maji ya baridi, vidole viwili juu, vilevile. Tulikuwa tumekaa jikoni tukisubiri yachemke, nikamsimulia. Sikuwa nimepanga. Nilimsimulia yote, mkaa, ufagio, ndoo ya mlangoni, mama na mtoto, kienyeji. Nilitegemea atasema nilikuwa mtoto. Kila mtu husema hivyo, na nilikuwa nimeandaa jibu la kusema kwamba umri haunitoshi.

Alikaa kimya, akitazama sufuria.

"Ulimrudishia hela yake?"

"Basi lilikuwa limeshaondoka, mama."

"Basi gani?"

Nikamtajia. Akamkumbuka mpaka konda wake, mrefu mmoja mwenye pengo, aliyependa kula mayai yetu kwa mkopo.

"Si lilikuwa linapita kila siku ya pili?"

"Ndiyo."

"Sasa kesho kutwa yake ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho kutwa yake nilikuwa palepale, na ndoo yangu, dirisha la tatu, nikimpa konda yule mayai mawili ya mkopo. Ningeweza kumuuliza kama anamkumbuka mama aliyekuwa na mtoto. Ningeweza kumpa shilingi 400 na salamu, kwamba yale mayai hayakuwa yameiva, na wala hayakuwa ya kienyeji, amwangalie mtoto. Huenda asingempata. Huenda aliteremka palepale stendi ya Iringa na konda alimjua kwa jina. Miaka yote niliyosoma habari za mchungaji na pete yake, nikajiambia kwamba basi likiondoka mtu amepotea, haikunijia hata siku moja kwamba basi hurudi.

Nilianza kusema kitu, sikumbuki nini, labda nilitaka kueleza habari za wale madereva wa malori. Mama mdogo alikuwa ameinamia jiko anasikiliza.

"Yameanza kuruka," alisema. "Chukua ufagio."

Uwanja haukuwa mchafu. Nilianzia mlangoni, nikaenda mpaka bandani kwa kuku, nikarudi kwa upande wa mwembe, polepole, nikakusanya majani machache yaliyokuwepo nikayapeleka shimoni.